Jinsi ya kujiundia gari ya spoti ya turbo hapa Nairobi, na kwa nini busti inakuja mwisho

Kama umekuwa ukiwaza kujiundia gari ya spoti mwenyewe, ile ya chasi ya mabomba na bodi ya faiba zinakuja kwa kontena alafu injini, gia boksi, breki na waya unatoa kwa gari ingine unayoichinja, basi Nairobi ni mahali pazuri kuliko vile watu wanadhani, juu huu mji umejaa Subaru na umejaa mafundi wanaozijua nje ndani. Tangu Patrick Njiru amalize Safari Rally ya 1993 nafasi ya nne na kale ka-Subaru Vivio, alafu Colin McRae akashinda ile ya 1997 na Subaru Impreza, Wakenya hawajawahi kuiacha hii kampuni. Na kwa bahati nzuri, Impreza ya turbo ndio gari yenyewe utakayohitaji.

Mfano ninaoufuata hapa ni 818 ya Factory Five Racing, kampuni ya Wareham, Massachusetts kule Marekani, inayouza seti za magari tangu 1995. Jina 818 linatoka kwa uzito waliolenga, kilo 818, na iliundwa ichukue spea za Impreza ya 2002 hadi 2007. Ukichagua seti ingine yenye moyo wa Subaru, mambo mengi hapa chini yatakuwa yaleyale.

Kabla ya yote shika hesabu hii moja. WRX ya 2002, ile Impreza ya turbo, ya soko la Marekani ilikuwa na hospawa 227 na uzito wa kama kilo 1,400. Toa hiyo injini vile ilivyo, bila kuiguza, uiweke kwa gari ya kilo 818 na umepata hospawa 0.28 kwa kila kilo. Ili ile WRX ifikie hapo na uzito wake ingebidi uivute hadi karibu hospawa 390, na hapo sasa ni pesa ndefu, pistoni za kufua, turbo kubwa, klachi ya nguvu zaidi, na wasiwasi kila siku. Wewe utakuwa umefika bila kununua hata kimoja. Ndio maana nasisitiza sana kwamba pesa yako iende kwa karatasi, oili, maji na breki, na busti, yaani presha ya hewa ambayo turbo inasukuma kwa injini, ingoje.

Hatua ya kwanza ni karatasi

Wengi wanataka kurukia spana, lakini hii ndio hatua inayoua miradi. Kenya usukani ni kulia, na gari ya usukani kushoto haisajiliwi kwa matumizi ya kawaida, wakati seti ya Marekani kwa kawaida imechongewa dereva wa kushoto. Kwa hivyo kabla ya kutuma deposi muulize mwenye kuuza kwa maandishi kama chasi utakayotumiwa ina mahali pa pedali na usukani kulia, akujibu kwa maandishi. Watengenezaji wa Uingereza wako na afueni hapo, juu wao pia wanaendesha upande kama wetu. Spea zenyewe hazitakusumbua, kila Impreza iliyo hapa nchini iko na steringi raki ya kulia tayari.

Alafu nenda NTSA (wa usajili wa magari na usalama barabarani) na KEBS (wa viwango) na karatasi za seti mkononi, ukaulize gari iliyoundwa upya itakaguliwa vipi na itapewa namba kwa njia gani, ujue kabla kontena haijatia nanga Mombasa na kupandishwa reli hadi depo ya Embakasi. Upigiwe hesabu ya ushuru pia na ajenti wa forodha anayejua kazi, asikadirie tu kwa simu. Na tafadhali sana, mtu asikudanganye uchomelee namba ya chasi ya ile gari uliyochinja kwenye chasi mpya ili utumie logbuku yake. Hilo ni kosa la jinai, na gari yako itakuwa haina bima yoyote ya maana siku ukigonga mtu. Injini yenyewe iko na namba yake, nayo inafaa iingie kwa rekodi na risiti inayoonyesha uliitoa wapi.

Hatua ya pili, gari ya kuchinja

Magari ya zaidi ya miaka minane hayaingii tena Kenya, kwa hivyo Impreza ya 2002 hadi 2007 utapata tu ile ilikuwa hapa tayari, ama uende njia ya nosikati, ile nusu ya mbele inayokuja na kontena la spea. Ushauri wangu, kama uko na uwezo, nunua gari nzima iliyopata ajali, hata zile bima zinauza kwa mnada, ilimradi mbele hakujaumia sana. Kwa nosikati utapata injini na gia boksi lakini utaanza kutafuta habu za nyuma, handibreki, pampu ya petroli, kisanduku cha fyuzi, na hizo vitu ndogo ndogo za Kirinyaga Road zikijumlishwa zinakuwa mlima. Gari nzima inakupa pia ECU (kompyuta ya injini), ufunguo wake na waya zake zikiwa ndugu wa tumbo moja, na kwa zile zenye imobilaiza (kinga ya wizi inayotambua ufunguo) hiyo peke yake inakuokoa wiki za kuhangaika. Hakikisha tu logbuku inafanana na namba iliyo kwa chasi, na upige ripoti ya polisi kabla ya kulipa.

Sasa kuangalia injini. Muuzaji atakuambia, "Boss, hii imetoka Japani juzi, haijafungwa hata spana." Wewe mwambie kwa heshima tu, "Sawa mkubwa, basi nifungulie sampu ya oili tuone." Akikataa, endelea na safari yako, maduka ni mengi hadi Ngara. Akikubali, mwaga oili kwa karai safi, kisha chukua filta ya oili uikate na msumeno wa chuma, toa ile karatasi iliyokunjwa ndani, ikunjue juu ya kitambaa cheupe na uisogeze kwa jua. Weusi wa kawaida si neno. Unachotafuta ni chembe zinazometa. Za rangi ya fedha zinaonyesha beringi za krenki zimeanza kulika, na ukiona zimeingia rangi ya shaba jua beringi zimeisha kabisa, na hiyo injini ni ya kujengwa upya hata kama inawaka vizuri na inanguruma tamu. Ukiwa hapo chini angalia lile paipu la kunyonya oili ndani ya sampu, kwa hizi injini za Subaru za familia ya EJ zenye turbo linajulikana kupasuka kwa kiungo chake, na likipasuka pampu inameza hewa. Libadilishe hata kama ni zima.

Kupima kompresheni, yaani presha ya kila silinda, kuna kitu moja mafundi wengi hawasemi. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari na hewa yetu ina presha ya kama asilimia 82 au 83 ya ile ya pwani, kwa hivyo gieji itasoma chini kuliko kitabu hata kwa injini nzuri kabisa. Usiogope hiyo namba, na usikubali pia mtu aitumie kukupunguzia ukiwa wewe ndio unauza. Linganisha silinda kwa silinda, zote nne zikikaribiana uko sawa, moja ikibaki nyuma kwa zaidi ya asilimia 15 hivi achana nayo. Kama ni injini ya lita 2.5 angalia silinda ya nne kwa makini zaidi, ndio huwa ya kwanza kuvunja pistoni pale kwa kingo za ringi.

Lita 2.0 au 2.5? Kwa gari nyepesi hivi mimi naenda na 2.0, EJ205 ya WRX ama EJ207 ya STI, ile WRX kali zaidi, ukiipata. Silinda za milimita 92 zinabaki na ukuta mnene kidogo kuliko za 99.5 za lita 2.5, na inavumilia makosa ya petroli. Ukitaka ile sauti ya Subaru ya kudundadunda, jua inatokana na mabomba ya ekzosti yasiyo na urefu sawa, na STI nyingi za Japani za miaka hiyo ziko na mabomba yaliyolingana na turbo ya njia mbili, kwa hivyo hazidundi hivyo. Hilo si tatizo, turbo inaamka mapema zaidi.

Kuchinja na waya

Hapa kazi ni utulivu tu. Kila kundi la nati kwa mfuko wake wa plastiki na jina lake kwa kalamu ya wino usiofutika, kila soketi ya waya ipigwe picha na simu kabla haijatolewa. Nati ya ekseli ni namba 32, ilegeze gari ikiwa bado imesimama kwa magurudumu na mtu amekanyaga breki. Waya usikate kitu hadi harnesi yote iwe chini kwenye meza, alafu utoe pole pole zile ambazo hutahitaji, vioo vya umeme, redio, taa za ndani, na usiguze chochote kinachoenda kwa ECU bila mchoro wa waya wa gari hiyo hiyo ya mwaka huo huo. Propela shafti, difu ya nyuma, viti, milango, hizo zote uza, kuna watu wanazihitaji na utarudisha sehemu nzuri ya pesa yako.

Injini na gia boksi

Kwa Impreza injini inakaa mbele ya ekseli na difu ya mbele iko ndani ya gia boksi. Seti ya 818 inachukua huo mzigo wote na kuusogeza nyuma ya dereva vile ulivyo, kwa hivyo zile shafti zilizokuwa zinazungusha magurudumu ya mbele sasa zinazungusha ya nyuma, na injini inakaa katikati ya gari. Hakuna kugeuza krauni wili wala nini. Kitu unachobadilisha ni difu ya kati, inafungwa na kipande cha chuma ili nguvu yote iende upande mmoja, na mkia wa gia boksi unazibwa. Ile ya gia tano ya WRX watu wanaiogopa juu ya kuvunja meno, lakini kwa gari nyepesi inayovuta magurudumu mawili inapata kazi rahisi zaidi, usikimbilie ya gia sita kama pesa ni ya kubana.

Injini ikiwa bado iko kwa stendi, badilisha vitu ambavyo ukishafunga hutavifikia tena bila machozi. Mkanda wa taimingi pamoja na rola zake zote na tenshona, juu hizi injini mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Pampu ya maji, themostati, sili ya nyuma ya krenki, klachi na beringi yake. Laini ya oili inayoenda kwa turbo weka mpya, na kama ya injini yako ina kichujio kidogo ndani ya ile boliti ya tundu, kitoe ukiangalie, kikiziba turbo inakufa kwa kiu wakati gieji ya oili inasoma vizuri kabisa. Usinunue gasketi za hedi za bei ya kutupa. Na mahali pa boliti inasema kipimo tumia spana ya torki, ukiazima, ukinunua, ni juu yako, lakini mkono hauna gieji.

Maji na hewa

Hapa ndio gari nyingi za injini ya katikati zinashindwa. Redieta iko mbele, injini nyuma, na katikati kuna mabomba marefu yanayopita chini ya sakafu, yakibaki na hewa hata kidogo maji hayazunguki na utachemsha ukiwa kwa foleni ya Mombasa Road jioni. Tangi la maji liwe ndio kitu cha juu zaidi kwenye mfumo wote. Kuna tundu la kutolea hewa pale juu kabisa ya redieta, hakikisha umeliweka, fungua, jaza maji pole pole huku mtu mwingine anabonyeza hosi kwa mikono miwili, na utaona mapovu yakitoka kwa mafungu, yananyamaza, yanarudi tena. Usifunge kwa sababu yamenyamaza mara moja. Inua pua ya gari, rudia, washa hita kama umeiacha, rudia tena, hadi utoke mkondo wa maji matupu.

Kifuniko cha redieta kiwe kipya, chenye presha sahihi. Kwa urefu wetu maji yanachemka kama digrii 94 yakiwa wazi, kwa hivyo kifuniko kilicholegea kinakuumiza Nairobi kuliko Mombasa. Feni mbili, kila moja na rilei yake.

Intakula, ile ya kupoza hewa inayotoka kwa turbo, nayo inataka akili. Kwa Impreza inakaa juu ya injini na kupata hewa kwa lile tundu la boneti, sasa boneti haipo. Ama utengenezewe njia ya hewa ya bati la alumini kutoka ubavuni, mafundi wa kuchomelea alumini wako Industrial Area na wanajua kazi, ama uweke intakula ya maji. Njia ya hewa izibwe kingo zote, hewa ikipata mwanya inapita pembeni na intakula inakaa moto. Filta ya hewa iwe ya karatasi nzuri na ikae mbali na ekzosti, vumbi la ujenzi la hii mji linakula mapanga ya turbo.

Breki na miguu

Breki za Impreza ziliwekwa kwa gari yenye uzito mwingi mbele. Yako ina uzito mwingi nyuma, na pengine ABS umeitoa, kwa hivyo mgawanyo wa nguvu ya breki lazima upangwe upya, na valvu ya kurekebisha ama silinda mbili zenye baa ya usawa. Lengo ni magurudumu ya mbele yafunge kidogo kabla ya ya nyuma. Nyuma ikitangulia, gari inageuka. Paipu za breki zikunjwe midomo na mtu mwenye mashine sahihi, na usitumie paipu za shaba tupu.

Urefu wa gari kutoka chini, fikiria zile matuta za mitaani zisizo na rangi wala bango. Panga shoki ukiwa umekaa ndani na petroli nusu tangi, acha nafasi zaidi ya vile kitabu cha uwanjani kinasema, alafu upime alainimenti. Magurudumu ya nyuma yaangalie ndani kidogo, yakiangalia nje gari ya injini ya katikati itakuzungusha ukiachilia mafuta ghafla kwa kona, na haitoi onyo.

Kuwasha mara ya kwanza

Toa plagi zote, chomoa waya wa injekta, piga stata kwa vipindi vifupi hadi gieji ya oili ipande na ikae. Hapo ndio turbo imepata oili. Rudisha plagi, weka kizima moto kando yako, mtu mmoja awe nyuma akiangalia kuvuja kwa petroli, alafu washa. Isikanyagwe, iache ingurume hadi feni ziwake na kuzima zenyewe mara kadhaa. Zima, ipoe kabisa, kagua kila hosi na kila klipu.

Sasa busti

Umefika na gari inatembea. Endesha hivyo kwanza, busti ya kiwanda, ujifunze gari. Ukitaka zaidi elewa hewa yetu. Gieji ya busti ikisoma bari 1.0 hapa Nairobi, ndani ya injini kuna kama 1.83 ukihesabu na hewa ya nje, na turbo imezidisha hewa mara 2.2. Gieji hiyo hiyo ikisoma 1.0 Mombasa ndani kuna 2.01, turbo imezidisha mara mbili tu. Maana yake ni mbili. Huku turbo inazunguka kwa nguvu zaidi na kutoa hewa moto zaidi kwa kazi ileile, kwa hivyo usiifukuze ifikie namba za watu wa pwani. Na gari iliyotyuniwa Nairobi na busti ya kushikwa kwa springi, ukiteremka nayo hadi Mombasa, inabanwa zaidi kuliko siku ya tyuni, ikiwa ilikuwa kwa ukingo petroli itaanza kulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na hapo ndio pistoni zinapasuka. ECU ya Subaru inasoma hewa ya nje na kurekebisha busti, kwa hivyo usiweke ule mkebe wa kuongeza busti kwa kukaza na mkono, unaopita kando ya ECU.

Ramani ya ECU ya Japani nayo ilipangwa kwa petroli ya oktani 100 hivi, super ya hapa haifiki hapo. Kwa hivyo tyuni ya kwanza si ya kuongeza nguvu, ni ya kurudisha taimingi ya moto nyuma iendane na petroli unayonunua kila siku, hata kama unapanga kujaza ile ya bei ya juu. Kebo ya Tactrix OpenPort na programu ya RomRaider zinakuwezesha kusoma ECU mwenyewe na kurekodi. Usome hasa vile ECU inarudisha taimingi ikisikia huo mlipuko wa mapema, gia ya nne, injini ikivuta kutoka chini hadi juu. Weka na gieji ya mchanganyiko wa hewa na petroli, bila hiyo hakuna mtu anayetyuni, anabahatisha. Daino, mashine ya kupima nguvu ya gari, ni nzuri, lakini dai hizo rekodi, si karatasi ya hospawa peke yake.

Gari ikishapita ukaguzi na bima ikiwa imeambiwa ukweli wa kila kitu ulichobadilisha, kilomita 500 za kwanza ziwe za asubuhi mapema, barabara wazi, bila mbio. Oili ya kwanza imwage hapo hapo kwa 500, na filta uikate kama ile ya kwanza. Alafu pandisha gari kwa jaki na upitie kila nati ya chasi, ya mikono ya chini, ya kaliper, ya ekseli, na spana ya torki, na kila moja ukimaliza uichore mstari wa rangi kutoka nati hadi chuma, ili wakati mwingine ukichungulia tu chini ujue ni ipi imesogea.